Niliyojifunza kwa Kamera Mbili Ndogo za Nuru

Yote yalianzia Kariakoo, kwenye meza ya miwani ya jua. Kijana muuzaji aliniapia kwamba aliyonivisha ni "polaroidi orijino, braza", na alipoona namtazama kwa wasiwasi akatoa kikokotozi chake, akanipa nikiangalie huku nakizungusha taratibu. Tarakimu zikaanza kufifia. Kufika pembe fulani kioo chote kikawa cheusi tii. Nikazidi kukizungusha, zikarudi. Nililipa nikaondoka, lakini kile kioo cheusi kilinikaa kichwani kuliko miwani yenyewe.

Nuru ni mtikisiko. Watoto wawili walioshika kamba ya kuruka wanaweza kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia, au mshazari. Nuru ya jua hutufikia ikitikisika pande zote kwa vurugu. Ikishadunda kwenye maji, kioo au lami, sehemu kubwa hubaki ikitikisika upande mmoja. Hali hiyo vitabu vya fizikia huiita polaraizesheni, vingine ukutubishaji. Kwenye maabara niliyofanya kazi baadaye tulizoea kuiita mlalo wa nuru, na humu nitasema hivyo hivyo. Miwani ile hupitisha mlalo mmoja na kuuzuia mwingine. Kioo cha kikokotozi nacho hutoa mlalo mmoja tu. Vikikingamana, giza.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa fundi wa vifaa kwenye maabara moja ya chuo, nilikabidhiwa kamera mbili, kila moja ikienea kiganjani. Moja hupima mlalo wa nuru. Nyingine huichambua rangi katika vipande 25. Kazi ilikuwa kupiga picha mashamba ya mwani ya pwani ya mashariki ya Unguja, tuone kama mwani unaoanza kuugua unaweza kutambulika kabla haujageuka mweupe. Nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na makosa hayo ndiyo yaliyojaa hapa.

1. Simu yako hutupa mengi kuliko inayoyahifadhi

Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza ya mpango wa kuweka vichujio vya rangi juu ya kihisi cha kamera: nusu ya pikseli zina kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kamera nyingi za simu hadi leo hutumia mpango huo au ndugu zake. Maana yake ni kwamba kila rangi ya dunia hii inabanwa iwe namba tatu, na mlalo wa nuru hauandikwi popote.

Siku ya kwanza nilikwenda mapokezi ya jengo letu, ambako kulikuwa na vyungu viwili: kimoja cha mmea hai, kingine cha mmea wa plastiki ambao mfanya usafi aliwahi kuumwagilia maji wiki nzima. Kwa simu, yote kijani, na ule wa plastiki ulipendeza zaidi. Kwa kamera ya vipande 25 mambo yalikuwa mengine. Kwenye grafu, mstari wa jani hai ulilala chini kabisa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 680, ambako jani huimeza nuru kwa ajili ya chakula chake, kisha ukaruka ghafla kabla ya kufika 750, ng'ambo ya wekundu tunaouona sisi. Jani la plastiki halikuwa na mruko huo. Niliyaangalia majani yale kwa macho tena na tena, nikashindwa kuona tofauti niliyokuwa nimeshaiona kwenye skrini.

2. Kihisi hakitoi kitu bure

Kamera yetu ya mlalo ilikuwa na kihisi cha ukoo ambao Sony iliutangaza mwaka 2018. Kina pikseli 2,448 kwa 2,048, yaani takribani milioni 5. Juu ya kila pikseli kuna wavu wa nyaya nyembamba mno, zimelazwa kwa nyuzi 0, 45, 90 au 135. Zinahitajika pikseli nne kutoa jibu moja, kwa hiyo zile milioni 5 zinageuka milioni 1.25. Ukitaka toleo linaloona na rangi, mzunguko mmoja unakula pikseli 16, na unabaki na laki tatu na ushei.

Kamera ya rangi ilikuwa na hali mbaya zaidi. Vichujio vyake vimepangwa kama vigae, vitano kwa vitano, juu ya kihisi cha pikseli 2,048 kwa 1,088. Picha ya kila kipande cha rangi inatoka na pikseli kama 409 kwa 217, ndogo kuliko picha za simu yangu ya kwanza. Profesa aliyeagiza kamera hizi alipoziona picha za mwanzo aliuliza kama lenzi imeingia ukungu.

Na bado hujalipia nuru. Kichujio cha mlalo hunyang'anya nusu ya nuru ya kawaida, kichujio chembamba cha rangi hunyang'anya zaidi, kwa hiyo unalazimika kuacha kihisi wazi kwa muda mrefu, na huku umesimama majini mawimbi yanakusukuma magoti. Watu huniuliza mbona hatukutumia kichujio kimoja cha kuzungusha mbele ya kamera ya kawaida, tupige picha nne. Kwa kitu kilichotulia mezani hiyo ndiyo njia ninayoipenda hadi leo: rahisi, na pikseli zote ni zako. Baharini, unapozungusha kichujio kwenda picha ya pili, wimbi la picha ya kwanza limeshafika ufukweni.

3. 25 si lazima izidi 16

Hapa naona aibu kidogo. Vihisi hivi vya vigae vya rangi, vilivyobuniwa na taasisi ya imec ya Leuven, Ubelgiji, vina matoleo tofauti. Moja lina vipande 16, toka nanomita 470 hadi 620 hivi. Jingine lina vipande 25, toka 600 hadi 975. Tulichagua la 25. Sababu kubwa, nikisema ukweli wa Mungu, ni kwamba 25 ni nyingi kuliko 16. Sababu ya pili ni kwamba kila ripoti ya mahindi na mpunga tuliyoisoma iliisifu nuru ya ng'ambo ya wekundu.

Mahindi hayaishi majini. Maji humeza nuru hiyo kwa pupa: kwenye nanomita 860, ikisafiri mita moja tu ndani ya maji, inabaki kama sehemu 1 katika 100. Mwani ulio chini kwa nusu mita unadai nusu mita ya kwenda na nusu ya kurudi. Picha za vipande vya mwisho zilitoka nyeusi, tukadhani kebo imekatika. Tulibadilisha kebo.

Halafu spinosum na cottonii, mwani unaolimwa Unguja, ni wa jamii ya mwani mwekundu, na rangi yake inayokamata nuru hufanya kazi zaidi kwenye kijani, nanomita 495 hadi 565 hivi. Ndipo pale pale palipoangaliwa na kamera tuliyoikataa. Mwishowe tuliiazima hiyo ya 16, na ile ya 25 tukaiacha ipige mwani ulioanikwa.

4. Bibi alijua mahali pa kusimama

Mwaka 1808, jijini Paris, Étienne-Louis Malus alitazama kwa kipande cha jiwe la kalsiti nuru ya jua la jioni ikidunda kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg. Kalsiti huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha, aliona taswira moja ikififia na nyingine ikikolea, akang'amua kwamba kudunda kunaipa nuru mlalo. Mwaka 1815 David Brewster akapata kanuni ya pembe: kwa maji, nuru inayodunda kwa nyuzi 53 kutoka wima huwa na mlalo mmoja mtupu. Nilikuwa nayo hiyo 53 kwenye daftari. Nilichokosa ni akili ya kuitumia.

Tulifika shambani saa nne, maji kupwa ya bamvua, jua kali. Nikasimika miguu mitatu ya kamera, nikaielekeza chini kabisa, kama mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha. Uso wa maji uling'aa kama bati jipya. Bibi mmoja aliyekuwa akifunga mbegu za mwani kwenye kamba alinitazama kwa muda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na mtambo wako jua lishapanda?"

Nikamwambia tumefuata maji kupwa.

"Maji kupwa yatufaa siye tunaofunga na kuvuna. Wewe wataka kuona chini. Njoo asubuhi, jua halijapanda, likukae ubavuni. Wala usitazame miguuni pako. Tazama mbele, hatua mbili tatu."

Nilicheka kwa heshima. Usiku, kwenye chumba cha wageni, nikapiga hesabu. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.5 juu ya maji, akitazama kwa nyuzi 53 kutoka wima, jicho lake linatua mita 2 mbele yake. Hatua mbili tatu.

Na ule ubavu? Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nuru ya anga nayo ina mlalo, na mlalo huo ni mkali zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua likiwa chini na liko ubavuni pako, anga iliyo mbele yako inatoa nuru yenye mlalo wa kusimama. Maji, kwa pembe ile ya 53, hayairudishi nuru ya mlalo huo, yanaipokea ndani. Mng'ao unapungua, na chini kunaonekana kwa macho matupu. Pwani ile inatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka baharini, na mkulima anayetembea sambamba na ufukwe kwenda shambani kwake analibeba jua ubavuni bila kupanga. Karl von Frisch, aliyepata Nobeli mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki husoma mlalo wa anga kutafuta njia. Bibi hakuwa amesoma habari za nyuki wala za Brewster. Alikuwa na miaka mingi ya kutaka kuona kamba zake ziko wapi.

Kesho yake tulikuwa majini saa moja na nusu. Picha iliyoelekea kaskazini ilionyesha kamba, vigingi, hadi kivuli cha samaki mdogo. Iliyolielekea jua ilikuwa ukurasa mweupe mpaka programu ilipoondoa nuru yenye mlalo. Kwenye uamuzi wa mwani upi unaugua, kamera haikumshinda bibi: yeye alipitisha kamba vidoleni, tawi likikatika kwa wepesi anajua, nasi tulihitaji nusu saa ya kompyuta.

5. Karatasi nyeupe si nyeupe

Kamera ya rangi huanza kazi kwa kuonyeshwa kitu cheupe, ijue jua la saa hiyo likoje. Vibao maalumu vya kazi hiyo ni ghali, nami nikatumia karatasi ya A4. Kwa siku tatu ile kamera ya vipande 16 ilionyesha mwani wote umepungukiwa na buluu. Karatasi za ofisini hutiwa kemikali ya kung'arisha, ndugu wa ile iliyomo kwenye sabuni za unga: humeza nuru ya urujuanimno isiyoonekana na kuitoa ikiwa buluu. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa ikitoa buluu ambayo jua halikuipa. Tena ni nyembamba, na meza nyeusi iliyo chini yake ilikuwa inachungulia.

Dawa niliipata duka la vifaa vya ujenzi: ile tepu nyeupe ambayo mafundi bomba huzungushia nyuzi za mabomba. Hiyo ni teflon. Ukiikunja tabaka nyingi, nene, juu ya kibao bapa, huakisi karibu nuru yote kwa usawa, toka buluu hadi ng'ambo ya wekundu. Tulitumia misokoto kumi hivi. Mwenye duka aliniuliza nyumba yangu ina mabafu mangapi.

6. Kilicho angavu kwa macho kinaweza kuwa matope kwa kamera

Kuikinga kamera ya mlalo na maji ya chumvi nilikata kifuniko cha chombo cha chakula, plastiki angavu isiyo na hata mkwaruzo, nikakiweka mbele ya lenzi. Picha zilirudi na michirizi ya upinde wa mvua juu ya bahari, na mlalo wa nuru ukielekea huku na huku bila sababu. Nilimwandikia aliyetuuzia kamera barua pepe ya hasira. Kosa lilikuwa langu.

Plastiki inayomiminwa kwenye kalibu hupoa ikiwa na mivutano ndani yake, na mivutano hiyo huupinda mlalo wa nuru inayopita. Unaweza kuiona leo hii: fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, weka kifuniko cha plastiki mbele yake, kitazame kwa miwani ya polaroidi huku ukikizungusha. Rangi zitatokea zikiwa zimesongamana kwenye kona na pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Aghalabu kona hizo ndizo hupasuka kwanza. Tulikiondoa, tukaweka kipande cha kioo chembamba cha fundi wa madirisha.

7. Joto

Kamera nyeusi, jua la Unguja, saa mbili kazini: picha inajaa chenga. Kelele za kihisi huongezeka kadiri joto linavyopanda. Khanga iliyoloa, kamera ikiwa ndani ya mfuko wake mkavu, ilitusaidia kuliko feni ya betri tuliyoinunua.

8. Rangi husema kitu ni nini, mlalo husema kimekaaje

Nilichelewa kuelewa kwa nini watu wanahangaika kuzikusanya kamera hizi mbili ziwe moja. Rangi inatokana na kilichomo: klorofili, kutu, damu. Mlalo unatokana na umbo: uso laini au wa mparuzo, umeinamia wapi, una maji au umekauka, chembe za vumbi ni za mviringo au za mapembe. Mwaka 1974 James Hansen na Joop Hovenier walitumia mlalo wa nuru, namna unavyobadilika kutoka rangi hadi rangi, kuonyesha kwamba mawingu ya Zuhura ni matone ya tindikali ya salfa. Hawakuhitaji kwenda huko. Kwa sababu hiyo hiyo setilaiti ya PACE, iliyorushwa na NASA tarehe 8 Februari 2024, imebeba chombo cha kuchambua rangi ya bahari pamoja na vyombo viwili vya kupima mlalo, HARP2 na SPEXone.

Kwetu sisi faida ilikuwa ya kawaida tu. Mwani mkavu uliomwagiwa maji ya chumvi ili uongezeke uzito ulikuwa na rangi karibu sawa na mwenzake. Mlalo uliuumbua.

9. Kamera ya mlalo nayo ina upofu wake

Mtoto wa jirani aliniletea mbawakawa wa maua, kijani kinachong'aa kama chuma kilichopakwa mafuta. Nikampiga picha kwa kamera ya mlalo nikitarajia makubwa. Kamera ikasema hakuna kitu: gamba la mgongoni halina mlalo wowote, sawa na ukuta wa chokaa.

Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba kuieleza hali ya mlalo wa nuru kunahitaji namba nne. Kihisi chetu chenye nyaya za pande nne hutoa tatu tu. Ya nne ni ya nuru inayozunguka kama parafujo, kulia au kushoto, na kwa kamera kama yetu nuru hiyo haitofautiki na nuru isiyo na mlalo kabisa. Magamba ya baadhi ya mbawakawa hurudisha nuru ya namna hiyo. Albert Michelson, yule aliyepima kasi ya nuru, aliandika habari hizo mwaka 1911. Mwaka 2019 kikundi cha Federico Capasso wa Harvard kilionyesha kamera yenye ukubwa wa kidole gumba inayotoa namba zote nne kwa mkupuo, kwa kutumia kioo kimoja bapa chenye vijiti vidogo visivyoonekana kwa macho. Sisi hatuna.

Lakini nilikuwa na miwani ya sinema ya 3D iliyobaki mkobani tangu siku niliyowapeleka watoto. Miwani mingi ya sinema za sasa huchuja nuru inayozunguka: kioo kimoja hupitisha ya kulia, kingine ya kushoto. Nikaivaa, nikafumba jicho moja. Mbawakawa alikuwa wa kijani vilevile. Nikafumba jingine. Akawa mweusi kama mbegu ya papai.

Kama unayo miwani hiyo nyumbani usiitupe. Itoe kabatini, mtafute mbawakawa wa kijani kwenye maua, umtazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine.